Kalafati Kwenye Nyuzi za Kioo

Dhiki yangu ilianza mwaka 1977, nikiwa na miaka kumi na minne. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa Mahabibo, mtaa wa Mahajanga. Baba alikuwa na duka la sufuria na mabakuli, mama alidarizi kofia, mimi nilisoma chuoni kwa fundi wa Kurani asubuhi na shule ya Kifaransa mchana. Kisha mambo yakaharibika mjini. Siyaandiki yalivyokuwa, waliokuwepo wanayajua, na ambao hawakuwepo hawatayaelewa kwa karatasi moja. Wakomoro wengi tuliondoka. Baba alipanda meli kwenda Ngazidja kututafutia pa kukaa, akafia huko kabla hajatuita. Mama akanishika mkono tukaelekea kaskazini mpaka Antsahampano, na kutoka hapo kwa boti mpaka kisiwa cha Nosy Be, kwa dada yake. Shule yangu iliishia hapo. Nakwambia mapema, mwanangu, usihangaike kutafuta vyeti vyangu. Sina hata kimoja, na sijawahi kulala njaa kwa kukosa cheti.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu binti yangu ameolewa Tanga, na watoto wake, ninaowaandikia haya, hawajui Kimalagasi wala Kikomoro chetu. Huku kwetu Kiswahili tunacho cha vipande tu, maneno ya dini, ya biashara, ya baharini. Changu mimi nilikipata bandarini Tanga, nilikokaa miaka kadhaa ya ujana. Maneno ya watu utakayoyasoma hapa yalisemwa kwa Kimalagasi cha pwani au Kikomoro, mengine kwa Kifaransa changu kibovu. Nimeyageuza. Kama nimeyaharibu, lawama ni yangu.

Nosy Be mama alipata kazi ya kuchuma maua ya mlangilangi, yale yanayotolewa mafuta ya manukato. Mimi nikapelekwa kwa Fundi Bakari. Kwetu fundi ni neno la heshima kubwa. Anayekufundisha Kurani ni fundi, anayekufundisha kazi ni fundi, na wote wawili wana ruhusa ya kukuchapa. Huyu alikuwa mtu wa kalafati. Chombo cha mbao kina mianya kati ya ubao na ubao. Kalafati ni kusokota pamba, kuipaka mafuta, kuilaza kwenye mwanya na kuisukuma ndani kwa patasi butu na nyundo mpaka maji yakose pa kupita. Ni kazi ya kulala chali chini ya ubavu wa chombo, mafuta yakikudondokea machoni. Vijana wa leo wangeikimbia, na nisingewalaumu.

Nakumbuka asubuhi moja niko chini ya boti ya mizigo, nimejaa hasira kama walivyo vijana waliong'olewa mahali. Nilikuwa nakita nyundo kana kwamba ubao ule ndio ulionitoa Mahajanga. Fundi Bakari akaja akasimama nyuma yangu. Yeye kazi aliikagua kwa masikio kwanza.

"Madi," akasema, "unaziba au unapigana?"

"Naziba, fundi."

"Mbona ubao unalia?"

Akanipokonya nyundo. Akanieleza kuwa ubao mkavu haujanywa maji bado. Ukishushwa baharini utavimba, utaikumbatia pamba wenyewe. Ukiijaza yote ukiwa mkavu, ubao utakosa pa kuvimbia, utang'oa misumari na kuvunja mbavu za chombo. "Acha nafasi ya kuvimba," akasema. "Nusu ya kazi ni yako, nusu ni ya maji." Kisha akanipiga kofi la kisogoni, si la kuumiza, la kukumbusha.

Nikawa hodari wa kalafati. Sisemi kwa unyenyekevu kwa sababu si kweli kwamba nilikuwa wa kawaida. Manahodha waliniuliza kwa jina. Lakini zikaja boti za plastiki ngumu, zisizo na mwanya hata mmoja, na sisi watu wa kalafati tukabaki kama wauza barafu kwenye mtaa wenye friji kila nyumba. Sikukaa kulia. Nilichimba mitaro ya maji, nikasimamisha nguzo za simu, nikakusanya watu, nikawa na kikosi changu. Wa kwanza kuandamana nami alikuwa Jao, Msakalava wa Nosy Be, mwenye mikono ya chuma na mdomo usiojua kupumzika.

Ndipo ikaja faiba. Wewe umezaliwa umeikuta, kwa hiyo hujui ajabu yake. Ni nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zimefungwa ndani ya kebo. Mwanga unatumwa ndani ya uzi, unakimbia nao maneno ya watu na picha zao. Kampuni iliyokuwa ikitandaza kebo hiyo ilitafuta watu wa kuilaza kisiwani, kutoka gati ya Andoany, mji mkuu wa kisiwa, kupita kandokando ya bahari, mpaka kwenye mnara wa simu. Tukapewa sisi. Na ahadi ilikuwa hivi: kipande hiki kikipita ukaguzi, kinachofuata ni Mahajanga mjini, nacho kitakuwa chetu. Kisipopita, wataleta watu wao kutoka Antananarivo na sisi turudi kwenye mitaro ya maji.

Elewa hapo palikuwa na nini. Tangu nilipotoka Mahajanga nimeshikwa mkono, nilikuwa nimerudi mara chache, nikiingia kama mgeni na kutoka kama mgeni. Sasa ningeingia na kikosi, na kibali cha kupasua barabara zake. Na mama alikuwa bado hai, mzee sana, miguu imechoka lakini ulimi mzima. Hakutaka kufa Nosy Be. Hakulisema hilo kwa maneno, ila kila jamaa alipofariki aliuliza kwanza amezikwa wapi. Nikamwambia, "Mama, kazi hii ikiisha nakurudisha Mahabibo."

Akanitazama. "Baba yako naye alikuwa mtu wa ahadi," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Basi nikaishika kazi ile kwa nguvu zote. Na hapo ndipo palipoharibika.

Kipande cha kandokando ya bahari kilipita ndani ya bomba la chuma, kwa sababu bamvua ikija mawimbi hupanda mpaka barabarani. Bomba lenyewe lilikuwa la nusu mbili: unalaza kebo kwenye nusu ya chini, unafunika kwa nusu ya juu, unafunga boliti. Watu wa kampuni waliniambia mambo mengi, lakini nililolisikia ni moja, kwamba maji ya chumvi yasiingie. Nikatazama ile nafasi kati ya kebo na chuma. Wewe ungeona nafasi. Mimi niliona mwanya, na mtu aliyelelewa na mianya hawezi kuupita mwanya bila kuuziba.

Tukasokota pamba. Tukaitia lami badala ya mafuta. Tukaijaza chini ya kebo na juu ya kebo, urefu wote wa kipande kile. Nilikumbuka somo la Fundi Bakari la kuacha nafasi ya kuvimba, nikajijibu mwenyewe kwamba chuma hakinywi maji, hakivimbi, kwa hiyo hapa kaza yote. Nilijiona nimemzidi mwalimu. Jao alikita nyundo huku anaimba. Tukafunika, tukafunga boliti mpaka spana zikagoma. Tone la maji halikuingia humo. Mpaka leo nikilitaja hilo nanyoosha mgongo.

Kebo ikawashwa. Asubuhi safi. Jua lilipopanda, mnara ukaanza kusema ovyo: simu zinakatika, picha zinakwama, benki ya mjini inalalamika. Jua likishuka, mambo yanakaa sawa. Kesho yake vilevile.

"Hii kebo imeajiriwa serikalini," Jao akasema. "Mchana inalala."

Kampuni ikamtuma injinia. Tulimtarajia mzee wa miwani. Akashuka kwenye boti itokayo Ankify, bandari ya bara, msichana mdogo kuliko binti yangu, kofia ya mkeka kichwani, buti zimekauka matope. Jina lake Madamu Noro. Aliniita zoky, yaani kaka mkubwa, na hakuniita hivyo kwa kunibembeleza. Alikuwa na mashine inayorusha mwanga ndani ya uzi na kusikiliza unavyorudi. Ikasema uzi mzima, hakuna palipovunjika, mwanga wote unafika. Nikamwambia, "Unaona, madamu." Akatoa mashine ya pili, akakaa nayo juani siku nzima, akila ndizi na kuandika. Jioni akanifuata.

"Ugonjwa uko pale kwenye bomba, zoky."

"Pale hapaingii maji."

"Sijasema maji."

"Basi umesema nini?"

"Nimesema umeibana."

Mwanangu, kwetu watu wa kalafati kubana ni sifa. Mtu akitaka kukusifu anasema, huyu anabana. Nilisikia neno hilo mara ya kwanza likitumika kama jina la ugonjwa, nikaudhika. Nikamwambia mimi nimebana vyombo vinavyovuka mpaka Comoro na vikarudi. Akasema anaamini. Akaomba twende tukanywe chai.

Kwenye hoteli ya chai akafungua kompyuta yake, akaifanya skrini yote iwe nyeupe. Jao alikuwa amevaa miwani ya jua aliyoachiwa na mtalii mmoja aliyekuja kuvua samaki, miwani ya bei kubwa, na haivui hata akiwa ndani ya nyumba. Madamu Noro akamwuliza, "Ukiitazama skrini kwa miwani hiyo huku umelaza kichwa, inakuwa nyeusi?"

"Inakuwa nyeusi," Jao akasema. "Nilidhani ni macho yangu yanakufa. Nimeshaanza kuwaaga watu."

Akamwomba amwazime. Akanivalisha mimi, akanilaza kichwa mpaka ile skrini ikawa giza tupu. Kisha akashika rula ya plastiki, ile ya wanafunzi, inayopenyeza mwanga, akaiweka mbele ya skrini. Kwenye giza lile nikaiona rula inang'aa kidogo kwenye kingo, rangi hafifu. "Hizo ni za kiwandani," akasema. "Ilipopoa haraka, upande mmoja ukatangulia kuganda, ukauvuta mwenzake. Imebaki na kinyongo. Sasa ibane na koleo."

Nikaibana. Rangi zikaibuka pale pale penye meno ya koleo, nyekundu, kijani, zambarau, zikatawanyika kama dizeli juu ya maji. Nikaongeza nguvu, zikasogea na kukazana. Nikaachia, zikazimika. Nikabana tena. Watu wa meza nyingine wakaja kutazama, kila mmoja anataka miwani, mwenye hoteli akaacha chai ikachemka ikamwagika.

Madamu Noro akanieleza, na nitakueleza nilivyoelewa mimi, maana sikusoma. Mwanga unakwenda kwa kutikisika, kama kamba unayoitikisa. Kamba unaweza kuitikisa juu na chini, au kushoto na kulia. Ndani ya kioo kilichotulia, mitikisiko hiyo miwili inakwenda mwendo mmoja. Kioo kikikandamizwa upande mmoja, kinageuka kuwa njia mbili: mtikisiko mmoja unatangulia, mwingine unachelewa. Mwanga wote unafika, ndiyo maana mashine ya kwanza haikuona kasoro. Lakini haufiki pamoja. Na maneno ya watu yamepangwa humo yamekaribiana sana, moja nyuma ya jingine. Aliyechelewa wa neno hili anamkanyaga aliyetangulia wa neno lijalo. Jua likichoma chuma, lami yangu inavimba, kubana kunazidi, maneno yanakanyagana. Jua likishuka, yanaachana.

"Na ingebanwa sawasawa pande zote?" nikauliza.

Akanitazama vizuri, kama mtu aliyesikia swali alilolingoja. "Ingebanwa sawasawa pande zote, isingekuwa na neno. Hakuna upande ambao ungempita mwenzake. Wewe ulijaza juu na chini, pembeni ukaacha."

Ni kweli. Kwenye bomba la nusu mbili, nyundo inafika juu na chini tu.

Na bado nilikataa. Macho yangu yaliona, kichwa kikakataa. Nikasema rula si kebo, nikasema nyuzi ziko ndani ya plastiki na plastiki iko ndani ya ngozi nyingine, kubana hakuwezi kufika huko. Akasema kunafika, kidogo, na kidogo hicho kwenye kipande kirefu kinakuwa kingi. Akafunga kompyuta. "Wakaguzi wanakuja, zoky. Nitaandika nilichokiona. Sitaandika zaidi wala pungufu. Ila bado hawajafika."

Alikuwa amenifungulia mlango, nami nikaupita nikaenda zangu nikiwa nimenuna. Nilikwenda kwa Fundi Bakari. Alikuwa bado hai, amekauka kama pweza wa kuanikwa, anakaa kibarazani kwake Andoany na redio yake. Nilimwendea ili aniambie kwamba nimefanya sawa. Usicheke, mtu mzima naye huenda kwa mwalimu wake kutafuta kusifiwa.

Nikamsimulia yote. Pamba, lami, boliti. Akatikisa kichwa kwa kuridhika nilipofika kwenye lami. Nikamwambia kuhusu msichana wa Antananarivo na rula yake, nikicheka. Yeye hakucheka. Akazima redio.

"Ndani ya hilo bomba mna nini?"

"Kebo, fundi."

"Ndani ya kebo?"

"Kioo."

"Na bomba ndilo chombo?"

"Ndilo."

"Na kebo?"

Sikujua anataka nini. Nikasema, kebo inakaa ndani.

"Basi kebo ni abiria," akasema. "Mimi nilikufundisha kuziba ubao. Lini ulikuta nimemtia pamba abiria?"

Akaendelea, na sauti yake ilikuwa ile ile ya chini ya boti, haikuzeeka. Akasema bahari inaingilia kwenye mwanya wa chombo, basi kaa na mwanya wa chombo. Abiria mpe pa kukaa. Mpe hata pa kunyoosha miguu. Akasema yeye hajui kioo, hajui mwanga, na huyo binti ndiye anayejua, kwa hiyo niende nikamsikilize badala ya kuja kumchosha mzee. "Umeona aibu kufundishwa na mtoto wa kike," akasema, "ukaja kwangu nikufiche. Kibaraza changu hakina nafasi hiyo."

Hakunipiga kofi. Ningependa angenipiga.

Nikarudi kwa Madamu Noro, nikamkuta anafua soksi nyuma ya nyumba ya wageni. Nikamwambia, "Tunafungua bomba lote. Wewe niambie kebo inataka kukaa vipi. Mimi nitakuambia maji tutayazuia wapi." Akaweka soksi chini.

Tukafungua. Kazi ya kutoa kalafati ni mbaya kuliko kuitia. Nilikataza chuma kisiguse kebo, tukatumia vijiti vya mbao na vidole. Lami ilituingia kwenye kucha, kwenye ndevu, kwenye chakula. Watu walinung'unika, na mimi niliwaacha wanung'unike kwa sababu walikuwa na haki.

"Tuliitia tukiimba," Jao akasema, "tunaitoa tukiwa mabubu. Hata lami imeona tofauti."

Mahali pengine kebo ilikuwa imechukua umbo la yai. Hapo haikurudi, tukakikata kile kipande tukaweka kipya, Madamu Noro akiunganisha nyuzi kwa mkono usiotetemeka. Kwingine kote, pamba ilipotoka, kebo ilijirudisha mviringo wake. Akatufundisha kuilaza bila kuivuta, ikae imelegea na mawimbi madogo, kona ziwe pana, chini pawe laini. Akaagiza dawa ya mgando, laini kama siagi ya juani, isiyoganda kuwa ngumu, ikaizunguka kebo kote. Hiyo ikivimba kwa joto inasukuma pande zote sawa. Na maji? Maji tuliyazuia kwenye milango. Kwenye maungio ya bomba na kwenye midomo yake miwili nikapiga kalafati yangu, ile ile ya Fundi Bakari, na pale mdomoni kebo inapopita tukaivalisha kwanza pete nene ya mpira, ili hata hapo ishikwe sawasawa kuizunguka. Wazo la pete lilikuwa lake. Wazo la kuziba midomo na kuacha tumbo lilikuwa langu, na alilichora kwenye karatasi zake akaandika jina langu pembeni. Nimeliona kwa macho yangu.

Wakaguzi walikuja wakataka kupima asubuhi, kwenye ubaridi wa mawingu, wawahi boti ya kurudi. Madamu Noro angeweza kuwaacha. Asubuhi kila kitu kilikuwa kinapita hata zamani. Akasema, "Hapana. Tunangoja jua." Nami nikasema hivyo hivyo. Wakatuona wendawazimu. Tukawapa madafu, tukangoja mawingu yaondoke. Adhuhuri chuma kilikuwa hakishikiki. Nililala kifudifudi juu ya barabara, sikio langu karibu na bomba kana kwamba lingesema kitu. Halikusema. Madamu Noro akageuza mashine yake ili niione, akaweka kidole kwenye mstari uliolala umetulia kama mtoto aliyeshiba. Sikujua kusoma namba zile. Nilisoma uso wake.

Jao akavua miwani yake, mara ya kwanza tangu nimjue nayo, akafuta macho. Akasema ni jasho.

Tukaenda Mahajanga. Tuliposhuka bara nilimpeleka mama kwa gari, amelala kiti cha nyuma, anauliza kila mji jina lake hata ile aliyoijua. Kazi ilianzia katikati ya mji, lakini nilipanga kikosi kianze na upande wa Mahabibo, na sikumwambia mtu sababu. Penye duka la baba sasa pana mahali pa kutengenezea bajaji. Mama akaomba kiti. Nikamwekea kivulini mwa ukuta, akakaa akitutazama tukichimba, akiwakosoa vijana wangu namna wanavyoshika sururu. Mwanamke mmoja wa nyumba ya pili akatoka na kikombe cha kahawa, akampa, akamwuliza kwa adabu yeye ni mgeni wa nani.

Mama akaishika kahawa kwa mikono miwili. "Mimi si mgeni," akasema. "Nilikuwa safarini."

Hapo, mwanangu, ndipo nilipotaka kukufikisha. Sasa sikiliza ninalokutakia.

Kitu ukikithamini, utakiogopea. Ukikiogopea, mkono wako utakuwa mzito, na utakibana upande ule unaouogopa wewe. Mzazi aliyekosa shule humbana mtoto upande wa shule. Aliyeonja njaa humbana upande wa mapato, aliyeaibishwa humbana upande wa heshima. Mtoto hatavunjika, ndiyo maana hutajua. Atakuitikia, atakuja, atafanya. Lakini ndani yake patakuwa na njia mbili, moja imetangulia na nyingine imechelewa, na maneno yake hayatakuwa yanafika pamoja. Nimewaona wengi wa namna hiyo. Wanasema ndiyo saa mbili, moyo unafika saa nane. Ukimwona hivyo, usimwongezee boliti. Tafuta ni wapi ulipomjaza, umtolee kwa vijiti na vidole, polepole, na uwe tayari kukutana na sehemu ambayo haitarudi. Hatari nayo ipo, sikudanganyi, izuie mlangoni. Mtu wako mwache akae.

Kazi yako usiipime asubuhi. Asubuhi kila mtu hodari. Ngoja jua likuchome wewe pamoja nayo, ndipo useme imekaa.

Na akija mdogo wako anayejua usilolijua, kaa chini ufundishwe. Utasikia hasira. Mimi nilisikia hasira na sikufa. Hasira ile haikunipunguzia kitu, ila siku chache za kunuka lami ambazo ningeweza kuziepuka.

Mungu akupe mwalimu asiyekuficha kibarazani kwake. Akupe riziki inayokutosha bila kukukandamiza, watoto waliotulia ndani yao, na mji ambao ukiulizwa ndani yake wewe ni nani, hutahitaji jibu refu. Amin.

Leo hii nina nyumba ya mawe Mahabibo, vyumba vinne, kisima uani. Nina mashine mbili za kuunganisha nyuzi za kioo, moja mpya na moja inayohitaji kubembelezwa. Nina bajaji tatu zinazotembea na moja iliyolala. Nina kiwanja Nosy Be chenye milangilangi. Nina kikosi cha watu kumi na mmoja, Jao ndiye msimamizi wao. Nina meno ya mbele yote. Nina kaburi la mama hapa Mahajanga, limejengewa, na nafasi ya mtu mmoja pembeni yake.